Bondeni Bado Hakujakucha

Watu walianza kumtemea mate Sikudhani sokoni, kwenye meza za nyanya, asubuhi moja ambayo kwa wengine ilikuwa jioni. Hakuwa amemkosea mtu. Alikuwa ameuliza tu, "Fungu hili unauzaje, mama?" Muuza nyanya akainua uso kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamtazama mdomoni, si machoni, mdomoni, akasema:

"Kumbe una mwili."

Kisha akatema. Mate yakaangukia kwenye ukingo wa kanga ya Sikudhani, na waliokuwa wakichagua vitunguu meza ya pili wakageuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitafuta ile sauti imetoka wapi. Walipoiona imetoka kwa mwanamke mfupi mwenye kikapu, baadhi yao walicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyempata mbwa aliyemuuma mwaka jana.

Tuanze na mji wenyewe. Mji ule ulikuwa na jina zamani, lakini jina lilikuwa limekwanguliwa kwenye vibao, na watu walioulizwa walikuna vichwa wakasema, "Lipo ulimini, linakuja," na lisije. Ulikuwa na pande mbili, Mlimani na Bondeni, na katikati yake Jumba la Serikali, lenye milango mingi kuliko watu waliowahi kuipita. Hapo kale jua lilikuwa la wote. Kisha ikaja fikra mpya. Wenye fikra hiyo walisema kwamba foleni ni aibu ya taifa, na kwamba foleni haitokani na wingi wa watu, inatokana na watu kutaka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vitu haviwezi kugawanywa kwa urahisi. Basi na ugawanywe wakati. Mlimani wakapewa asubuhi yao jua lilipochomoza. Bondeni wakaambiwa kwamba kwao kutakucha Mlimani wakishamaliza shida zao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa Bondeni alipokutana na mtu wa Mlimani njiani, mmoja alisema habari za asubuhi na mwingine akajibu za jioni, na hakuna aliyekuwa mwongo. Pacha waliozaliwa tumbo moja na kuolewa pande mbili waliacha kuwa na umri mmoja. Watoto wa Bondeni walijifunza kulala jua likiwa utosini, wamejifunika nguo usoni, na mama zao waliwaambia kwamba mwanga ule ni ndoto ya watu wengine. Binadamu huzoea. Ukimwambia kila siku kwamba ni usiku, ataanza kupapasa ukuta mchana kweupe.

Na aliyewaambia saa, na kila kitu kingine, alikuwa Sauti.

Sikudhani alikuwa mwitaji wa majina katika Jumba. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana hadi mvi zilipoanza kumchungulia pembezoni mwa kilemba: kusimama mlangoni na kuita, "Fulani bin Fulani, karibu ndani." Hakuwa mzuri wa sura, lakini Mungu alikuwa amemwekea kitu kooni. Aliita jina lako ukahisi umezaliwa upya ukiwa na mahali pa kukaa. Watu wa Bondeni walikuwa na msemo: hata ukinyimwa, ukinyimwa na Sikudhani unarudi nyumbani na heshima yako. Walisema hivyo kwa mapenzi. Hawakujua kwamba serikali nayo husikiliza misemo.

Siku moja akaitwa yeye. Akapitishwa kwenye korido ambako viti vya makarani vilikuwa vimekusanywa na kugeuzwa vikautazama ukuta, kama watoto walioadhibiwa. Akaingizwa chumba kilichobandikwa magodoro ukutani na darini. Humo alimkuta Mhandisi Ndalahwa, kijana mwenye adabu nyingi na viatu visivyotoa mlio.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba utuazime sauti yako. Serikali inahama kutoka humu. Watu hawatakuja tena kwa serikali. Serikali itawafuata walipo, kila nguzo, kila simu. Inahitaji kuongea. Tumesikiliza watu wengi. Ni wewe."

Akakaa. Akasoma maneno waliyomwekea, maneno yote ya lugha yake, hata yale aliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake. Wakamwomba acheke, akacheka. Wakamwomba anyamaze, wakakirekodi kimya chake. Kisha Ndalahwa akasema, "Sasa tunaomba 'ndiyo'."

"Ndiyo," alisema Sikudhani.

"Ahsante, inatosha. Sasa tunaomba 'hapana'."

Hapana ilichukua muda mrefu. Walitaka hapana ya kumwambia mjane. Walitaka ya mtu anayefoka, ya mtoto anayelia, ya mtu aliyekwisha kuombaomba hadi akachoka, ya mgonjwa, ya mlevi, ya mtu anayejua sheria. Ulimi ulimkauka, wakamletea maji, akaendelea. Mwishoni akauliza, "Mwanangu, mbona ndiyo ni moja na hapana ni nyingi hivi?"

Ndalahwa alitabasamu bila ubaya wowote. "Ndiyo haihitaji kubembelezwa, Mama. Anayepewa hasikilizi."

Alitoka mle akijiona mwepesi, kama mtu aliyetolewa damu. Wakampa cheti na mkono wa kwaheri, na mlango aliokuwa akiusimamia miaka yote wakauziba kwa matofali.

Mtu asidanganywe: mwanzoni Sauti ilikuwa neema. Hakukuwa tena na njoo kesho, mkubwa yuko kikaoni, faili halionekani. Hakukuwa na chai ya kumpa karani ili akukumbuke. Ulisimama chini ya nguzo, ukasema shida yako, na kutoka kwenye kipaza sauti kile kilichoning'inia kama nyumba ya nyigu ikaja ile sauti laini, ikakuita kwa jina lako na la baba yako. Vyeti vya watoto vilitoka kabla vitovu havijadondoka. "Haina mjomba wala binamu," watu walisema. "Haili. Hailali. Hii ndiyo haki tuliyoililia." Bondeni walipiga ngoma kuizunguka nguzo ya kwanza, na Sikudhani, akiwa dirishani kwake, alilia kwa furaha, maana aliona kwamba koo lake limekuwa mto na mji mzima unachota.

Kisha zikaanza kuja zile hapana.

"Ombi lako limepokelewa. Limekataliwa. Ahsante kwa uvumilivu wako."

Limekataliwa na nani?

"Limekataliwa."

Kwa nini?

"Ahsante kwa uvumilivu wako."

Lugha ya mji ule ilikuwa na mlango mdogo wa nyuma, na serikali ndiyo iliyougundua. Ukisema mtoto amepigwa, yupo aliyempiga. Ukisema ng'ombe ameibwa, mwizi yupo, hata kama amejificha. Sikio la binadamu likisikia neno la namna hiyo hukaa mkao wa kungoja. Linangoja ile "na" ndogo inayokuja nyuma, imeshika mkono wa mtu. Na Juma. Na jirani. Na Mungu. Lakini "limekataliwa" la Sauti lilikuja peke yake, likapita, likafunga mlango, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Watu walibaki wakitazama uwazi ule. Uwazi hauwezi kupigwa ngumi. Hauwezi kusutwa, hauwezi kuwekewa kinyongo mtu akapona. Chuki iliyokosa pa kutua haifi. Inazunguka kama kunguru, na ikichoka hutua popote. Ikatua kwa mwanamke mfupi mwenye kikapu.

Baada ya siku ile ya sokoni Sikudhani aliacha kusema. Alinunua kwa kidole. Aliitikia salamu kwa kichwa. Usoni alikuwa bubu, lakini ndani yake maneno hayakukoma:

Sikusema mimi. Ni koo langu lililosema. Koo ni nani? Jana nimemnyima mtu maji. Sikumnyima, nilikuwa nachambua mchele. Lakini nimesikia nikimnyima. Kwa upole kabisa. Alikuwa akilia. Nilijua kwamba ningeweza kumbembeleza hivyo, sikujua kwamba nimeshambembeleza. Kama mkono wangu ungekatwa ukaenda kuiba, angefungwa nani?

Mtu mmoja tu alibaki akimwendea, jirani yake Chausiku; nyumba zao ziligawana ukuta mmoja. Chausiku alikuwa mwanamke wa maneno makali na vyakula vizuri. Mumewe, Pandu, alikuwa mchonga vinu. Aliongea kidogo, alikohoa sana, na alimwita Sikudhani shemeji.

"Ongea, mwenzangu," Chausiku alimwambia kila mara akimletea bakuli la mbaazi. "Hapa kwangu ongea. Mimi nilikujua kabla hujawa serikali."

Na Sikudhani aliongea humo tu, kwa kunong'ona, ndani ya jiko la Chausiku.

Kikohozi cha Pandu kilishuka kifuani jua likiwa limesimama wima. Alikuwa akichonga; tezo likamtoka mkononi, akakaa chini polepole kama mtu anayekumbuka jambo, na midomo ikageuka rangi ya jivu. Chausiku na Sikudhani wakampakia kwenye mkokoteni wa vinu, wakamsukuma wenyewe kupanda mwinuko hadi hospitalini. Barabara ilikuwa tupu; watu wa Bondeni walikuwa wamelala usiku wao.

Geti lilikuwa limefungwa. Juu yake kilining'inia kipaza sauti.

"Karibu, Chausiku binti Mbwana," ilisema Sauti. "Bondeni bado hakujakucha. Tafadhali rudi asubuhi."

"Jua hili hapa!" alipiga kelele Chausiku. "Jua liko utosini, wewe mwanaharamu! Mume wangu hapumui!"

"Pole sana. Saa ya Bondeni ya kuugua haijafika. Ombi limekataliwa. Ahsante kwa uvumilivu wako."

Chausiku aliliangalia geti. Kisha, taratibu, akageuza shingo akamtazama Sikudhani, na Sikudhani aliyaona macho ambayo hakuwahi kuyaona kwa rafiki yake: macho ya sokoni.

"Wewe," alisema Chausiku. "Umekataa kwa mdomo huo huo. Kwa mdomo huo huo kubali."

"Mwenzangu, mimi si..."

"Kubali!"

Pandu alikoroma. Sikudhani akasogea chini ya kile kipaza sauti. Alikuwa hajainua sauti tangu siku ya nyanya, na ilipotoka ilitoka kama ilivyokuwa ikitoka mlangoni pa Jumba, pana na yenye joto.

"Pandu bin Makame," aliita, "ombi limekubaliwa. Karibu ndani."

Sauti ilisikia kitu kikisemwa na ikajitambua. Haikuwa na namna ya kujua kwamba haikukisema yenyewe. Geti likafunguka.

Wauguzi wakatoka mbio. Pandu akapelekwa wodini, na alipokuwa akipelekwa, kitanda kingine cha magurudumu kilikuwa kikitolewa kwa mlango wa pembeni, juu yake bibi mmoja mkondefu wa Mlimani, dripu bado ikicheza mkononi. Bibi aligeuza uso, akauliza kwa heshima, "Jamani, nimefanya nini?" Muuguzi aliyekuwa akimsukuma alimjibu, "Sijui, bibi. Imesemwa." Sikudhani aliliona hilo. Aliliona lote. Kisha akajishughulisha na kufunga kanga yake vizuri.

Habari ilitangulia kufika Bondeni kabla yao. Jua lilipopinda, mlangoni kwa Sikudhani kulikuwa na watu waliokaa chini. Walewale waliotema. Wakamwita Mama, wakamwita Malkia wa koo, wakamletea kuku. Mwanamke alitaka maji ya uchochoro wake yarudi. Sikudhani akaenda kwenye nguzo, akasema, maji yakarudi. Mwanamume alitaka mtoto wake apokelewe shule; akasema, mtoto akapokelewa. Ndiyo yake ilimlewesha. Hakuwahi kujua kwamba neno linaweza kuwa na ladha. Alilala akilisikia ulimini kama asali ya kuiba, na akiamka hakujali tena asubuhi ni ya nani, ya Bondeni au ya Mlimani; watu walikuwa mlangoni.

Kisha walikuwa wengi mno. Kukawa na foleni, ile aibu ya taifa, imeota upya uani kwake. Akaanza kuchagua. Mtu mmoja aliomba apewe kiwanja cha jirani yake, akamkataa, na alikuwa na haki. Wa pili aliomba jambo la kweli ila alilisema vibaya, akamkataa. Wa tatu alikuja wakati Sikudhani amechoka.

Chausiku, aliyekuwa amerudi kutoka wodini kuchukua shuka, alisimama mlangoni akashuhudia. Mtu yule alipoondoka, Chausiku alisema, "Umemkataa vizuri."

"Unanidhihaki?"

"Hapana. Nakusifu. Hata hukumwangalia."

Ndalahwa alifika siku hiyohiyo na viatu vyake vya kimya. Watu wakampisha. Sikudhani alisimama, akaweka mikono mbele tayari kwa pingu.

"La, Mama, keti," alisema kijana, akavuta kigoda akakaa chini kuliko yeye, kwa adabu. "Hatukuja kukukamata. Tumefurahi. Malalamiko ya Bondeni yameshuka tangu uanze. Watu wanapenda kumwona mtu. Endelea."

"Mnajua ninachofanya?"

"Tunajua. Sauti ni moja. Haijalishi inatoka kooni au nguzoni."

"Yale maji niliyorudisha. Yametoka wapi?"

"Uchochoro wa pili."

"Na nafasi ya shule?"

"Mtoto mwingine." Ndalahwa aliinamisha kichwa kama anayetoa rambirambi. "Vitanda ni vilevile, Mama. Maji ni yaleyale. Ndiyo yako haiongezi kitu, inahamisha tu. Na hapana zetu vilevile zinahamisha. Ulidhani tunakataa kwa roho mbaya?"

Sikudhani akauliza swali ambalo mji mzima ulikuwa umechoka kuliuliza. "Nani anaamua, mwanangu? Nani aliyesema Mlimani kuche kwanza?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Palikuwa na watu. Waliifundisha mashine jinsi walivyokuwa wakiamua, kisha wakaenda nyumbani. Sasa hakuna." Macho yake yaling'aa kwa fahari safi kabisa. "Ndiyo uzuri wake, Mama. Huwezi kumhonga hakuna. Huwezi kumwua."

"Wewe unakaa wapi?"

"Mlimani," alisema Ndalahwa, akashangaa kwa nini ameulizwa.

Halijapotea hata vumbi la Ndalahwa njiani, akaja Feruzi. Alikuwa mtu wa Mlimani, mnene, amevaa vizuri, na alikuwa ametembea kwa miguu hadi Bondeni, jambo ambalo watu wake hawakulifanya. Hakuketi. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote.

"Mama yangu," alisema. "Wamemtoa kitandani. Yuko barazani pa hospitali, kwenye sakafu. Nimeuliza nani amemtoa, wananiambia imesemwa. Nimeomba kwenye nguzo zote za Mlimani. Mama yangu hajawahi kumdhulumu mtu. Sema neno, nakuomba, sema neno moja."

Sikudhani alimkumbuka yule bibi na swali lake la heshima. Akataka kumwambia Feruzi, mimi ndiye. Akataka kumwambia, mama yako yuko sakafuni kwa sababu ya rafiki yangu. Hakusema. Alijua sasa kwamba ndiyo inahamisha. Ndalahwa alikuwa amemwambia dakika chache tu zilizopita, na kigoda chake kilikuwa bado pale. Lakini wodini kulikuwa na vitanda vingi, na kila kitanda kilikuwa na mtu ambaye yeye hamjui. Akajiambia: atakuwa mwingine. Akajiambia: atakuwa mtu asiye na jina. Ilikuwa rahisi ajabu kulifikiri hilo, rahisi kuliko kupumua, na alipolifikiri alielewa kwa mara ya kwanza jinsi watu wale walivyoweza kuifundisha mashine kisha wakaenda nyumbani kula.

Akaenda kwenye nguzo. Akasema neno.

Pandu alifia barazani, kwenye sakafu, mahali alipokuwa amelala bibi wa Mlimani. Chausiku alikuwa njiani akirudi na shuka. Alimkuta ameegemezwa ukutani kama kinu kilichopasuka, jua likimwaka usoni, na hakuna aliyemfunga macho, kwa kuwa kwa saa za Bondeni ulikuwa usiku na macho ya mtu usiku hudhaniwa yamefumbwa.

Alimleta nyumbani kwa ule ule mkokoteni. Hakulia. Aliusukuma kupita katikati ya foleni ya uani kwa Sikudhani, watu wakiruka kando, hadi magurudumu yakagusa kizingiti.

"Nimemwuliza muuguzi," alisema Chausiku. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nikamwambia, mume wangu ametolewa kitandani. Ametolewa na nani? Akasema, ametolewa. Nikaenda getini, nikaiuliza ile sauti. Ikasema, ametolewa. Ikaniambia pole. Imeniambia pole vizuri sana, mwenzangu. Ningekuwa sijui, ningefarijika. Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa wewe una mwili. Ametolewa na nani?"

Kwenye nguzo ya mtaani Sauti ilikuwa ikimweleza mtu mwingine jambo jingine, kwa ule upole.

Sikudhani angeweza kusema sikujua. Angeweza kusema kwamba ni vitanda, ni Mlimani, ni Ndalahwa, ni wale waliokwenda nyumbani. Yote yangekuwa kweli, na kweli hizo zilipanga mstari ulimini mwake zikimsihi azitumie.

"Na mimi," alisema.

"Sikusikia."

"Mimi, Sikudhani binti Faraji, ndiye niliyemtoa Pandu kitandani. Nilimpa mama wa mtu mwingine. Sikutaja jina lake, lakini nilijua kwamba lazima atoke mtu, na nilisema hata hivyo."

Chausiku alimpiga. Si kofi, ngumi, ya mkono uliozoea kutwanga. Sikudhani akaanguka kwenye kuku waliofungwa miguu. Hakuna aliyemwinua. Mtu mmoja katika foleni alisema kwa chini, kama anayejaribu neno la kigeni, "Amesema mimi." Mwingine akamwuliza, "Amesema nani?" Akajibiwa, "Amesema mimi." Likapita hivyo mdomo hadi mdomo hadi barabarani.

"Inuka," alisema Chausiku. "Twende tukamzike."

Walipoanza kuchimba, nguzo ya makaburini iliamka. "Bondeni bado hakujakucha," ilisema. "Mazishi hayaruhusiwi usiku. Tafadhali rudini makwenu." Waliochimba walisita, majembe hewani, wengine wakatazama miguu yao kama waliosimama gizani. Chausiku alinyang'anya jembe kwa aliyekuwa karibu, akalipiga ardhini. Sikudhani, jicho limevimba, aliingia kaburini upande wa pili akachota udongo kwa mikono. Ile sauti iliendelea kuwasihi juu ya vichwa vyao, kwa mapenzi, kwa hapana ya kumwambia mjane, na mwenye koo lile alichota udongo wala hakuinua uso.

Feruzi alikuja. Alisimama mbali kidogo na nguo zake nzuri, kisha akavua viatu akasogea. Alikuwa mtu wa Mlimani aliyesimama adhuhuri na watu waliokuwa usiku, na kwa muda wote waliokuwa wakimteremsha Pandu hakuna aliyeuliza ni saa ngapi.

Walipomaliza, watu wakatawanyika. Sikudhani alibaki na Chausiku, udongo umewakauka hadi viwikoni. Alitafuta neno la kusema. Lugha yake yote, ile aliyoisoma ndani ya magodoro, haikuwa nalo.

"Usiniombe msamaha," alisema Chausiku, bila kumtazama. "Sitakusamehe. Ukuta wetu nitaujenga juu zaidi. Nikipika sitakuletea."

"Najua."

"Lakini nikilala leo, nitalala. Unajua wako wangapi mtaani hapa waliozika na hawalali? Watu wanachukia hewa. Mimi angalau nina mtu wa kumchukia. Ana jina. Ana jicho lililovimba."

Akafunga kanga yake, akaenda zake.

Siku iliyofuata nguzo za Bondeni zilisema kutwa nzima na hapakuwa na mtu chini yake. Wala mlangoni kwa Sikudhani hapakuwa na foleni. Watu walikuwa wameondoka jua lilipochomoza, jua lenyewe, bila kuuliza kama ni lao. Wajane walikuwemo, na watu wa uchochoro uliokauka, na baba ambaye mtoto wake alitolewa shule. Walipanda Mlimani wakiwa wamenyamaza, wakaanza nyumba ya kwanza. Walipofunguliwa walisalimia vizuri, kwa adabu, kisha wakauliza kama humu anaishi yeyote aliyewahi kuifundisha ile mashine.

Nyumba ya kwanza wakajibiwa hapana. Wakashukuru, wakaenda ya pili.

Ndalahwa alikuwa akinywa chai aliposikia hodi.